Gofu: Kwa nini mpira hukataa kwenda unakoelekezwa

MJI wa Kaloleni hauna uwanja wa gofu. Una minazi na mikorosho, una hospitali kongwe ya St Luke's, na una barabara itokayo Mariakani ikaupita mji na kuishia Mavueni. Mkazi wake anayetaka kuupiga ule mpira mdogo mweupe kwa fimbo hana budi kuifuata barabara hiyo hadi mwisho, aingie ile ya Mombasa-Malindi, kisha ateremke kusini hadi Vipingo.

Huko, juu ya mwinuko uliokuwa shamba la mkonge, ndiko uliko uwanja wa Baobab wa Vipingo Ridge. Una mashimo 18, umezungukwa na mibuyu iliyoupa jina, na bahari huonekana kwa mbali. Ndiko pia Kaunti ya Kilifi ilikopatia nafasi katika ramani ya gofu ya dunia. Mnamo Desemba 2019, mashindano ya wanawake wa kulipwa ya Magical Kenya Ladies Open yalifanyika hapo kwa mara ya kwanza, na Esther Henseleit wa Ujerumani akaibuka mshindi. Februari 2023 ilikuwa zamu ya Aditi Ashok wa India, aliyewaacha wapinzani wake kwa mapigo tisa. Mwaka uliofuata, Shannon Tan wa Singapore alinyakua taji hilo akiwa na umri wa miaka 19.

Ushindi wa Ashok unastahili kutazamwa kwa makini na kila mchezaji wa ridhaa wa mwambao. Hahesabiwi miongoni mwa wapigaji wa mbali; wapinzani wake wengi huupeleka mpira mbele zaidi yake kwa pigo la kwanza. Aliwashinda kwa kuuweka mpira mahali alipotaka, tena katika uwanja ambao upepo wa bahari huwasumbua hata mabingwa. Mchezaji wa wikendi hufanya kinyume chake. Hupiga kwa nguvu zake zote, mpira ukapinda na kuzama vichakani, naye akarudi nyumbani na maumivu ya mgongo, akijiuliza kama ada aliyolipa haikuwa pesa zilizotupwa.

Swali hilo si la mzaha. Gofu ni mchezo ghali kwa Mkenya wa kawaida. Fimbo, viatu, mipira, ada za uwanja na malipo ya kedi hula fungu kubwa la mshahara wa mwalimu au mapato ya mwenye duka. Wengi walioingia mchezoni wakiwa na umri wa miaka 40 au 50 huuacha baada ya misimu michache, na sababu aghalabu huwa moja: hawaoni maendeleo. Wengine hununua fimbo mpya, za bei ya juu kuliko zile za awali, na kosa lao la zamani hulihamishia humo.

Kuelewa chanzo cha kosa hilo, yafaa kuanza na mpira wenyewe. Kanuni za kimataifa zinautaka uwe na upana usiopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93. Ni kitu chepesi, na fimbo hukutana nacho kwa muda mfupi mno, takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Watafiti wa Uingereza Alastair Cochran na John Stobbs, katika kitabu chao kilichochapishwa mwaka 1968, walieleza jambo ambalo wachezaji wengi hawajalikubali hadi leo: mpira huwa umekwisha ondoka kabla ya mikono kuhisi kishindo cha kuugonga. Kwa hiyo hakuna awezaye kulirekebisha pigo pale fimbo inapogusa mpira. Kila kitu huwa kimeamuliwa mapema, katika ule mwendo wa kuiinua fimbo hadi juu ya bega na kuishusha, mwendo ambao wachezaji huuita swingi.

Kosa linalowatesa wanagofu wengi wa ridhaa ni mpira unaopinda kwenda kulia, kwa mchezaji atumiaye mkono wa kulia. Hapa ndipo palipo na kutoelewana kukubwa. Kwa miongo mingi walimu walifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha huelekea kule uso wa fimbo ulikokuwa ukitazama. Rada zilizoanza kutumika viwanjani katika miaka ya 2000 zimeonyesha kwamba mambo ni kinyume. Uso wa fimbo ndio unaoamua, kwa zaidi ya robo tatu, mpira uanze kuelekea wapi. Tofauti iliyopo kati ya uso huo na njia ya fimbo ndiyo inayoupinda mpira angani.

Tuseme mwalimu mmoja wa Kaloleni, aliyeanza gofu akiwa na umri wa miaka 45, amesimama Vipingo na mpira wake umekwisha pinda kulia mara tatu. Anafanya lile ambalo akili ya kawaida humtuma: anageuza miguu na mabega yake yaelekee kushoto, ili mpira ukipinda uangukie katikati. Matokeo yake fimbo yake sasa inapita kutoka kulia kwenda kushoto kwa kasi zaidi, ilhali uso wake bado unatazama mbele. Tofauti imekua, na mpira unapinda maradufu. Kadiri anavyozidi kuelekea kushoto ndivyo unavyozidi kwenda kulia. Mwalimu huyo hakosi bidii, ila bidii yake inamwagilia mizizi ya kosa.

Tiba huanzia kwenye mshiko. Mkono wa kushoto ukizungushiwa mno upande wa kushoto wa mpini, uso wa fimbo hufika kwenye mpira ukiwa umefunguka, hata swingi iwe nzuri vipi. Mchezaji akitazama chini, anapaswa kuona vifundo viwili au vitatu vya vidole vya mkono huo. Mikunjo inayofanywa na kidole gumba na cha shahada, katika mikono yote miwili, ielekee bega la kulia. Mshiko usiwe wa kukaba. Anayeishika fimbo kana kwamba anaogopa itaibwa hukaza mikono hadi mabegani, na mwili uliokazana hauwezi kuzunguka.

Likishatengenezwa hilo, linabaki suala la nini kinachotangulia fimbo inaposhuka. Kwa mchezaji wa ridhaa, mabega na mikono hukimbilia mbele kwa hamu ya kuupiga mpira, na fimbo hutupwa nje ya njia yake. Kwa mchezaji hodari, uzito huhamia mguu wa kushoto kwanza, nyonga zikageuka, kifua kikafuata, na mikono ikaja mwisho.

Maneno haya huwachosha wanafunzi wa gofu, na pengine hapa wakazi wa Kaloleni wana hazina wasiyoijua. Yeyote aliyewahi kufyeka nyasi kwa fyekeo anaujua mwendo huu. Mfyekaji mzoefu hasukumi kwa mkono mtupu, maana angechoka kabla ya saa nne asubuhi. Huhamisha uzito, hugeuza kiuno, na mkono hufuata. Tena hatumii nguvu zake fyekeo likiwa juu. Mvumo husikika chini, pale penye nyasi. Mwanafunzi wa kufyeka ndiye anayeanza kwa kishindo juu na kumaliza bila nguvu chini, na hivyo ndivyo wafanyavyo wanagofu wengi.

Walimu wa gofu wana zoezi linalofanana na hilo. Fimbo hugeuzwa kichwa chini, ikashikwa upande wa chuma, kisha ikazungushwa bila mpira huku mchezaji akisikiliza mvumo wa hewa. Mvumo ukisikika karibu na bega la kulia, nguvu zimetumika mapema. Usikike pale ambapo mpira ungekuwa, au mbele yake kidogo. Zoezi hilo halihitaji uwanja wala ada, na linaweza kufanywa uani chini ya mwembe, almuradi watoto na kuku wamekaa mbali.

Zoezi la pili linahitaji mchanga, na mchanga haujawahi kuadimika Pwani. Chora mstari ardhini, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, kisha zungusha fimbo ya chuma na uangalie imechimba wapi. Mchezaji hodari huchimba mbele ya mstari. Wa ridhaa huchimba nyuma yake, kwa kuwa anajaribu kuunyanyua mpira kama anayechota maji kwa kata. Fimbo imekwisha tengenezwa na mwinamo wa kuupandisha mpira. Kazi ya mchezaji ni kuugonga mpira kwanza na ardhi baadaye. Mapigo 50 ya namna hiyo jioni, bila mpira hata mmoja, yanaweza kumfaa kuliko ndoo mbili za mipira aliyoipiga kwa hasira.

Je, mchezaji afikirie nini anapofanya mazoezi hayo? Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, uliwagawa watu wasiojua gofu katika makundi mawili. Kundi la kwanza liliagizwa kuzingatia mwendo wa mikono yao, na la pili mwendo wa fimbo. Waliozingatia fimbo walipiga kwa usahihi zaidi, wakati wa mafunzo na hata walipojaribiwa baadaye. Matokeo ya aina hii yamerudiwa mara nyingi katika michezo mingine. Kumbe ule ushauri wa marafiki wanne uwanjani, mmoja akisema kiwiko, mwingine goti, wa tatu kichwa na wa nne pumzi, humharibu mchezaji hata pale kila mmoja wao anaposema kweli. Wazo moja latosha, na afadhali lihusu fimbo au mahali mpira unapotakiwa kuangukia.

Wapo watakaouliza kwa nini swingi ipewe uzito wote huu, ilhali ni msemo wa kawaida vilabuni kwamba mashindano huamuliwa karibu na shimo. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani, alichambua mamilioni ya mapigo na kuchapisha kitabu chake mwaka 2014. Alionyesha kwamba takriban theluthi mbili za tofauti kati ya mchezaji bora na dhaifu hutokana na mapigo ya umbali wa zaidi ya yadi 100. Theluthi inayobaki ndiyo ya mapigo mafupi na ya kusukumia shimoni. Hivyo muda unaotumika kuitengeneza swingi haupotei.

Broadie alitoa pia takwimu inayopaswa kubandikwa ukutani katika kila klabu: wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kutoka futi nane, yaani mita mbili na nusu hivi, huuingiza mpira shimoni mara moja tu kati ya mbili. Mfanyabiashara wa Mariakani anayevunja fimbo yake kwa kukosa umbali huo anajidai jambo ambalo mabingwa wenyewe hawaliwezi.

Suala la umbali nalo lina uongo wake. Mwanamume wa kawaida wa ridhaa huizungusha fimbo ndefu kwa kasi ya takriban kilomita 150 kwa saa, na bingwa wa kulipwa takriban kilomita 185. Pengo hilo halizibiki kwa kukaza misuli. Anayekazana hupoteza mizani, akaugonga mpira kwa ncha au kisigino cha fimbo, na yadi alizozitafuta zikapungua. Aidha, mchezaji wa ridhaa hupenda kuchagua fimbo kwa kukumbuka pigo lake bora kuliko yote maishani. Akiwahi kufikisha yadi 150 kwa fimbo ya chuma namba saba, basi kila penye yadi 150 atachukua namba saba, na mpira utaangukia mchangani mbele ya shimo. Kedi aliyembebea mkoba kwa mwezi mzima anaijua hesabu hii kuliko mwenye mkoba. Ni busara kumuuliza.

Pwani kuna jambo la ziada, nalo ni upepo. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi. Viwanja vya Vipingo, Nyali, Mombasa na Diani hubadilika sura kwa kadiri hiyo. Uwanja wa klabu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911, umekaa ukingoni mwa bahari kiasi kwamba mpira uliopinda huenda usionekane tena. Mgeni akikutana na upepo wa mbele huongeza nguvu. Hilo ni kosa, kwa kuwa pigo kali huuzungusha mpira kinyumenyume zaidi, na mzunguko huo huupandisha juu ambako upepo unausubiri. Wenyeji huchukua fimbo yenye nambari ndogo zaidi, hushika chini kidogo kwenye mpini, na kupiga kwa upole. Nahodha wa jahazi angelielewa jambo hili bila kufundishwa: upepo ukizidi, tanga hupunguzwa.

Hata hivyo, mtu anaweza kuyafuata yote hayo na bado asiufurahie mchezo, kwa sababu kipimo anachojipimia si chake. Kadi ya uwanja humwambia kwamba mashimo 18 yanapaswa kumalizwa kwa mapigo 72. Idadi hiyo imewekwa kwa ajili ya wachezaji wa kiwango cha juu. Nchini Marekani, ambako wanagofu ni wengi na kumbukumbu zimetunzwa vyema, wastani wa handikapu za wanaume waliosajiliwa ni takriban 14. Maana yake ni kwamba mchezaji wa kati, hata katika siku zake nzuri, huzidisha mapigo kama 14. Anayemaliza kwa mapigo 95 na kujiona ameaibika hana sababu.

Dawa ya fadhaa hiyo iligunduliwa zamani na daktari Mwingereza, Frank Stableford. Aliona wachezaji wakikata tamaa baada ya mashimo mawili mabaya ya mwanzo, akabuni hesabu ya pointi ambayo ilitumika katika mashindano ya klabu ya Wallasey mwaka 1932. Kila shimo hutoa pointi zake kwa kuzingatia handikapu ya mchezaji. Shimo lililoharibika hutoa sufuri, mpira huokotwa, na safari huendelea. Mtu aliyepiga mara 11 katika shimo la pili huwa amepoteza shimo moja tu, wala siku yake haijaharibika. Mashindano mengi ya wikendi nchini Kenya hutumia mtindo huu, na anayeanza gofu angefanya vyema kuutumia hata anapocheza na rafiki yake peke yao.

Vilevile hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuanzia nyuma. Mwaka 2011 vyama vya gofu vya Marekani vilianzisha kampeni ya kuwahimiza wachezaji waanzie vituo vya mbele vinavyolingana na uwezo wao. Huku kwetu, wanaume wengi bado huona haya kusogea mbele, wakaishia kupiga pigo la tatu pale wenzao wenye akili wanapopiga la pili. Haya ya aina hiyo hurefusha mchezo kwa saa nzima na kuwachelewesha walio nyuma.

Mwili nao una madai yake. Mgongo wa chini ndio unaoumia zaidi kwa wanagofu wa ridhaa, hasa wale wanaotoka kwenye kiti cha ofisi au usukani wa gari na kwenda moja kwa moja kupiga pigo la kwanza kwa nguvu zote. Dakika kumi za kutembea na kuzungusha fimbo mbili kwa pamoja polepole huupa mgongo nafasi ya kuamka. Faida ya kuuheshimu mwili si ndogo. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2009, uliowahusu wanagofu wapatao 300,000, ulionyesha kwamba kiwango chao cha vifo kilikuwa chini kwa asilimia 40 kuliko cha watu wengine wa umri, jinsia na hali ya kiuchumi sawa na yao. Utafiti huo hauthibitishi kwamba ni gofu iliyowarefushia maisha, lakini kilomita kadhaa za kutembea kwa kila mzunguko si haba. (Shimo la 19, kama wanagofu wanavyoiita baa ya klabu, halikuhesabiwa. Kaloleni shimo hilo lingekuwa mangwe, na mnazi wake ungeiharibu handikapu ya yeyote.)

Linalobaki gumu ni mlango wa kuingilia. Mtu mzima mwenye kipato anaweza kulipia masomo machache kwa mwalimu aliyehitimu, na masomo matatu yaliyoachana kwa wiki mbili mbili, kila moja likifuatwa na mazoezi, humfaa kuliko kumi ya mfululizo. Kijana wa kijijini hana njia hiyo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza kwa kubeba mikoba ya wengine, wakijifunza kwa macho. Ni desturi ya vilabu kadhaa nchini kuwaachia makedi uwanja siku ya Jumatatu, na hapo ndipo swingi nyingi nzuri za taifa hili zilipozaliwa, kwa fimbo za kuazima. Kadiri watoto wa Kaloleni, Rabai na Ganze wanavyokosa hata kiwanja kidogo cha mazoezi karibu na shule zao, mashindano ya Vipingo yataendelea kuwa kitu cha kutazamwa tu, na wengine hata hawatayatazama.

Kwa yule aliyekwisha pata nafasi, upepo wa mwambao kwa kawaida hutulia asubuhi na mapema, kisha hupata nguvu jua linapopanda. Anayetoka Kaloleni na kutaka kuanza kucheza saa moja asubuhi itambidi awe barabarani alfajiri, apite Mavueni kabla ya malori kujaa, ili apate nusu saa ya kunyoosha mgongo na kusikiliza mvumo wa fimbo yake kabla ya kuuweka mpira juu ya kijiti.